Mlango Uliosingiziwa

Karakana ya Vitanda vya Maharusi ya Shatawi,
Nyuma ya Soko la Samaki,
Dumyat.
25 Ramadhani

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Tamthilia,
Kituo cha Televisheni,
Kairo.

Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi,

Baada ya salamu na dua za mwezi huu mtukufu, natumaini barua hii itakukuta mzima, umefuturu vizuri na umekaa. Kama umesimama, tafadhali kaa, maana ni ndefu.

Mimi ni Mutwalli Shatawi, fundi seremala, miaka hamsini na mitano. Si mtu wa kulalamika. Katika maisha yangu nimeandika malalamiko mara moja tu, kwa baraza la mji, kuhusu mbwa, na mbwa mwenyewe akahama kabla hawajanijibu. Lakini safari hii yamenifika hapa, na sina budi kusema.

Ni kuhusu tamthilia yenu ya Ramadhani, "Gauni Lililomzidi", ya yule msichana Nawara wa miaka kumi na minne anayeozwa kwa Bwana Rashwan, mtu mzima mwenye masharubu na mwepesi wa kupiga. Mimi nami, kwa bahati mbaya ya ratiba, nina binti wa miaka kumi na mitano, Rudaina, ambaye siku ya pili ya Idi anaolewa na Bwana Wagdi, muuza magodoro, miaka arobaini na miwili. Mambo yalikuwa yamekwisha. Fatiha ya kufunga uchumba tuliisoma mwezi wa Shaabani, dhahabu ya uchumba iko chumbani kwangu, bata wawili wananenepeshwa darini. Mimi natengeneza vitanda, yeye anauza magodoro. Mtu mwenye akili zake angeona kasoro wapi? Kisha mwezi ukaandama, nanyi mkaanza.

Naweka malalamiko yangu kwa nambari ili karani wako asipotee njiani.

1. Saa yenyewe. Mnaanza pale pale watu wanapomaliza kufuturu, wakati ambapo mwanamume hana nguvu za kuinuka kuzima kitu chochote, na kidude cha kuzimia kimekaliwa na mama yangu, Hajja Tafida, ambaye haombwi asogee. Zamani saa hiyo nilikuwa nakula konafa yangu tamu ya Ramadhani huku familia ikinisikiliza. Sasa nikifungua mdomo naambiwa "Shhh!" na watu watatu kwa pamoja. Jioni ya tatu nilimwomba mke wangu Insaf chai. Akajibu bila kugeuza shingo, "Baba Rudaina, miguu unayo." Ninayo, Bwana Mkurugenzi. Lakini kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa haikuwahi kutajwa.

2. Masharubu. Mlikuwa na ndevu za kila aina za kumpa huyo Rashwan wenu, mkaona mumpe masharubu yale yale ya mkwe wangu mtarajiwa. Wagdi hapiti tena mtaani kwa amani. Watoto wanamfuata mpaka mlangoni pa duka: "Rashwan! We Rashwan! Mkeo anasema umsubiri amalize hesabu!" Siku ya kumi akayanyoa. Ikawa mbaya zaidi, maana sasa tumeuona mdomo wake wa juu, nao haukuwa kitu cha kuonwa. Mama yangu alimtazama muda mrefu, akasema, "Loo! Kumbe masharubu yalikuwa yanatusitiri sote." Naomba kituo kieleze ni nani atamrudishia mtu masharubu kabla ya Idi.

3. Karatasi. Sheria, kama ujuavyo, inataka binti awe na miaka kumi na minane. Sisi si wavunja sheria. Sisi tunaisubiri tu tukiwa tumeshaingia ndani. Sheikh Higazi wa mtaani kwetu anaandika karatasi yake ya ndoa, karatasi inalala kabatini, binti akitimiza umri inatolewa, inasajiliwa, watu wanagawiwa peremende. Ndivyo wafanyavyo wengi na hakuna aliyekuwa akiuliza. Ninyi katika sehemu ya kumi na moja mkamwonyesha Rashwan akiwashia karatasi hiyo mkaa wa buruma lake, akavuta, akapuliza moshi, akasema, "Ndoa gani?" Na Nawara amesimama pale na tumbo la miezi sita, kisheria hana mume wala cheti, na bado anampikia.

Basi nyumbani kwangu pakaanza mahojiano. Insaf akauliza, "Hiyo karatasi ya Rudaina itakaa kwenye kabati gani?" Nikamwambia, kabati la Wagdi. "Lina kufuli?" Lina kufuli. "Ufunguo anakaa nao nani?" Nikamwambia, Wagdi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi ndiye fundi wa makabati anayejulikana mji huu, Bwana Mkurugenzi, na nimeaibishwa kwa kabati.

4. Supu. Hili linahusu sehemu ya kumi na nne, na naomba ulisome polepole kwa sababu kosa ni lenu kabisa. Jioni hiyo nilikuwa nimemwalika Wagdi kufuturu ili watu wamzoee bila masharubu. Akakaa, akala vizuri, akamsifu bata na vitunguu vyake. Tamthilia ikaanza. Rashwan akaonja supu, akakuta haina chumvi, akamzaba Nawara kofi ambalo hata mimi lilinifanya nishike shavu langu. Na Wagdi, huku akimenya chungwa, akasema kwa utulivu kabisa, "Hapo ana haki. Supu bila chumvi ni dharau. Mara moja tu, na hatarudia tena."

Insaf alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akachukua bakuli la supu la Wagdi, ambalo lilikuwa bado nusu, akaenda nalo jikoni. Wagdi akaniuliza, "Mkwe, nimesema jambo?" Nikamwambia, kula chungwa.

Sasa tafakari. Wagdi nimemfahamu miaka kumi na moja. Tumeuza pamoja vitanda na magodoro mia kadhaa, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akisema neno kama hilo. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyempa nafasi! Kama msingeonyesha lile kofi, asingesema lile neno, nasi tungeendelea kumdhania mema mpaka baada ya harusi, kama desturi ilivyo.

5. Meza ya kujipambia. Katika sehemu ya kwanza kabisa mlionyesha shangazi yake Nawara akilikunja gauni la harusi kwa chini, vidole vinne, maana bibi harusi hakulifikia. Watu wa mtaa mzima walilia. Mimi sikulia, nilikuwa na kazi. Nilikuwa namalizia samani za chumba cha Rudaina: kitanda, kabati, na meza ya kujipambia yenye kioo na kiti chake. Kwetu meza ya bibi harusi haipimwi kwa kukisia. Nampa mwenyewe akae, miguu ikanyage chini bapa, macho yawe katikati ya kioo. Ndipo nakaza skrubu. Nimefanya hivyo kwa maharusi wa Dumyat miaka thelathini na zaidi.

Rudaina akaja, akakaa. Miguu ikaning'inia. Kiooni ulionekana utosi wake na kibanio cha nywele. Nikakata miguu ya kiti, vidole viwili. Ikaning'inia bado. Nikakata vingine viwili, nikaishusha na meza. Nilipomaliza, Insaf akaingia karakana, akaizunguka mara mbili mikono kiunoni, akasema, "Hongera, fundi. Umetengeneza dawati la shule." Na hivyo ndivyo lilivyotumika. Kesho yake nikakuta vitabu vyote vya mtihani wa cheti cha shule ya kati vimepangwa pale, na rula imesimamishwa mbele ya kioo. Nimekata vidole vinne bila kufikiri, na kama isingekuwa tamthilia yenu, nisingejua kwamba ni vidole vinne.

Nilipokuwa nafagia vumbi la mbao, binti akaniuliza swali. Si mtoto wa maswali mengi. Akasema, "Baba, yule ami Wagdi nitamwita nani? Maana tangu utoto namwita ami. Nimwite ami mpaka lini? Mpaka kwenye gari la harusi, au mpaka ndani?"

Nimeulizwa maswali mengi kuhusu ndoa, mengi yakiwa ya godoro. Hili halikuwa la godoro. Nikamwambia akamuulize mama yake. Akasema, "Nimeshamuuliza. Kasema nikuulize wewe." Namlaumu mwandishi wenu wa mazungumzo, kwa sababu mtoto wa kwangu hakuwa anazungumza hivyo.

6. Mlango. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Katika sehemu ya ishirini na mbili Nawara anatoka kwenda kununua mkate, jicho limevimba. Jirani anamuuliza. Anajibu, "Mlango umenigonga." Hapo mama yangu, ambaye siku zote hizo alikuwa anatafuna mbegu za tikiti asiseme neno juu ya Nawara, akacheka. Alicheka kama mtu aliyekutana na mwenzake wa zamani. "Mlango!" akasema. "Kumbe na wao wanao ule mlango!"

Tukamgeukia sote. Insaf akauliza, "Mlango upi, Hajja?"

Mama akatema ganda la mbegu kwenye kiganja. "Si ule ule. Mimi nililetwa nyumba hii na miaka kumi na mitatu, mwanasesere wangu nimemficha ndani ya mto. Baba yake Mutwalli alikuwa akirudi na hasira zake, basi kesho nikiulizwa na watu nasema mlango. Mwezi huu mlango, mwezi ujao ngazi. Na ngazi nayo ilikuwa kali, msiione vile." Kisha akasema tumpishe, tunamziba asione.

Lazima nikueleze habari za mlango huo, Bwana Mkurugenzi. Ni mlango wa chumba cha nyuma, wa msonobari, na zamani ulikuwa na ukingo mkali. Nilipokuwa na miaka tisa, nilimwona mama na jicho jeusi kwa mara ya nne au ya tano, nikaona sasa inatosha. Nikaazima randa kwa fundi jirani. Nikashinda Ijumaa nzima nauranda ule ukingo mpaka ukawa mviringo, ukipitisha shavu huhisi kitu. Fundi akaja kutazama, akaniambia, "Wewe una mkono," na kesho yake akanichukua kazini. Ndivyo nilivyopata kuwa seremala. Mpaka leo kila kitu ninachotengeneza kina kingo za mviringo. Watu wanatoka Mansura kuja kutafuta "ukingo wa Shatawi".

Na wiki ile ile mlango ukamgonga tena. Nikadhani sikuranda vya kutosha. Nikaranda tena. Niliuranda mlango ule miaka sita, mpaka ukawa haufungi na baridi inapita, na baba akanifokea kwa kuharibu nyumba.

Nikamuuliza mama mbele ya wote, "Mbona hukuniambia?"

Akanijibu, "Ulikuwa unaifurahia ile randa, mwanangu. Ningekunyima?"

Basi tazama hasara mliyonitia. Karibu miaka hamsini lawama ilikaa juu ya mlango, nao ukaibeba bila kunung'unika. Ninyi kwa neno moja mmeusafisha mlango, na lawama yote imemwangukia marehemu baba yangu, ambaye yuko kaburini hawezi kujitetea. Na mimi sikuweza kumtetea, ingawa nilijaribu. Nilifungua kinywa nikakuta ninalia. Insaf aliwaambia watu ni vitunguu. Kwa hiyo naomba, rasmi na kwa maandishi, mlango urudishiwe hatia yake.

7. Nilikuwa na la saba, lakini nimesimama kupangusa miwani na sasa silikumbuki.

Kwa sababu hizo, na kwa kuwa zimebaki sehemu tano tu, naomba mwisho wa tamthilia ubadilishwe haraka. Rashwan aonekane walau mara moja akileta tikiti nyumbani, amelibeba mwenyewe. Supu iwekwe chumvi tangu jikoni, si jambo gumu. Karatasi ipatikane, hata ikiwa imeungua pembeni.

Na zaidi ya yote namlalamikia baba yake Nawara. Huyu mtu tangu sehemu ya ishirini anazungukazunguka uani akikuna kichwa. Aache. Ugonjwa huo unaambukiza; mimi mwenyewe nimeanza, na Insaf ananihesabia. Mtu aliyesoma Fatiha amesoma Fatiha. Watu wameshaalikwa. Nimeona waandishi wenu wanakompeleka, sikuzaliwa jana: mnataka aichukue ile dhahabu akairudishe, mbele ya taifa zima. Mmefikiria tutakaobaki huku tutajificha nyuma ya nini? Mpaka sasa kila baba katika mtaa huu anasema, "Ndivyo ilivyo, tufanyeje?" na anapata usingizi. Huyo mmoja akirudisha, hakuna atakayeweza kusema tena kwamba haiwezekani. Kwa jina la Mungu, Bwana Mkurugenzi, mzuieni.

Kama waandishi wako wamechoka, niko tayari kuandika mimi sehemu tano zilizobaki. Hati yangu inasomeka, kama unavyoona. Sitaki jina langu litajwe, la karakana linatosha. Na kama hilo nalo haliwezekani, basi sehemu ya thelathini iondolewe, watu waonyeshwe mpira.

Nisalimie wapiga picha wote, na mama wa mavazi, na kijana anayeigiza Rashwan, ambaye nasikia nyumbani kwake ni mtu mpole na mkewe ndiye anayepiga kelele. Msalimie sana na binti anayeigiza Nawara. Rudaina anataka kujua kama kweli anazijua zile hesabu za pembe alizokuwa akizifanya kwa kujificha, au ilikuwa picha tu. Hapa kwetu wote hawajambo. Mama yangu naye anakusalimu, na anasema usimsikilize mwanawe.

Nikiwa na heshima zote na kero isiyopungua, nabaki,

Mutwalli Shatawi,
Fundi wa Vitanda

Tanbihi, siku ya tatu ya Idi: Barua hii haikuondoka. Nilichelewa kufika posta, nikakuta wamefunga mpaka baada ya sikukuu. Malalamiko yote sita yabaki kama yalivyo, sifuti hata moja. Ila nina jambo dogo la kuomba.

Ile jioni ya sehemu ya thelathini nilikaa mbele kabisa, sikuambiwa "Shhh!" hata mara moja, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wengine. Baba yake Nawara akafika nyumbani kwa Rashwan na dhahabu ndani ya leso. Akabisha. Rashwan akafungua. Baba akafungua kinywa, na umeme ukakatika mtaa mzima. Nimeishi Dumyat maisha yangu yote, sijawahi kusikia ukelele kama ule. Ulirudi baada ya saa nzima, mkawa mnaonyesha matangazo ya samli.

Sasa mimi nilikuwa nayangoja yale maneno. Nilikuwa nimekaa na penseli yangu ya karakana nyuma ya sikio, nataka kuyaandika. Asubuhi ya Idi nikaoga, nikaswali, nikaitia dhahabu kwenye leso, nikaenda kwa Wagdi bila maneno yoyote. Akafungua mlango, anatabasamu, na masharubu yameanza kuota. Akasema, "Idi njema, mkwe! Mbona mapema?" Nilisimama pale nikikuna kichwa, Mungu ashuhudie, muda ambao mtu angeweza kunywa chai. Mwishowe nikampa leso, nikasema lililonijia.

"Wagdi, binti ana mtihani."

Akanitazama, akaitazama leso. Akasema, "Unaisha lini?"

Nikamwambia, "Hauishi. Ukiisha huu kuna mwingine, na baada ya huo kuna chuo."

Nikageuka nikaondoka. Sikusema zaidi, na tangu siku ile usiku na mchana nafikiria yote ambayo ningeweza kusema.

Basi naomba, kwa hisani yako, mrudie sehemu ya thelathini Ijumaa hii. Nataka tu kujua kama yule baba alipata maneno mazuri kuliko yangu.